"Get" bado inakupiga chenga? Mwongozo kamili wa kuielewa na kuitumia, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu naona watu wanakwama palepale kila siku. Mtu kasoma Kiingereza miaka mingi, gazeti anasoma, barua ya kuomba kazi anaandika, lakini akitumiwa meseji "don't get me wrong" anabaki anajiuliza, usinipate vibaya ndo nini? Mwingine anataka kusema kafika nyumbani anaandika "I have reached to home", wakati wenye lugha yao wangesema tu "I got home". Halafu mtu huyohuyo anapewa orodha ya maana hamsini za "get" akariri, anakariri wiki nzima, akirudi kwenye maongezi ya kweli hakuna hata moja inayomjia kwa wakati.

Orodha ndo inayowaangusha watu. "Get" ikikaa peke yake haisemi kitu cha kutosha, maana inakuja na neno linaloifuata. Ukizoea kuangalia mbele yake badala ya kuikodolea macho yenyewe, sehemu kubwa ya kazi imeisha. Na sisi tuna bahati ambayo wengi hawaioni: Kiswahili kina vijimwisho vya vitenzi, vile vya kasirika, lipwa, letea, lewesha, na hivyo vinafanya kazi inayofanana sana na ya "get". Kwa hiyo kitu chenyewe unacho kichwani tayari, unahitaji tu kuonyeshwa kipi kinakaa wapi.

Andaa hivi vitu kwanza

- Daftari lenye kurasa saba tupu. Sio karatasi moja, nitaeleza kwa nini.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Maongezi ya Kiingereza cha kawaida: kipande cha tamthilia chenye maandishi chini, au kurasa chache za hadithi ambayo watu wanaongea sana. Usichukue mkataba wala kitabu cha sheria, humo utaitafuta "get" mpaka uchoke.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, hata ya kwenye simu inatosha. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke pembeni kwa sasa, maana ukiifungua kwenye "get" neno la kwanza utakalokutana nalo ni "pata" na hapo ndo safari inapopotea.
- Nusu saa kwa siku, kwa siku kumi hivi.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujajifunza chochote

Tafsiri hizi sentensi nane kwa Kiswahili cha kuongea, bila kamusi, bila kumuuliza mtu:

1. I got your message.
2. It's getting dark.
3. What time did you get home?
4. He got fired.
5. Can you get me a chair?
6. I got them to wait.
7. She got to see the ocean.
8. I've got to see a dentist.

Sababu ya kuanza na jaribio ni kwamba unahitaji kuona kwa macho yako mahali unapolazimisha "pata". Katika hizo nane, ni ya kwanza tu inayokubali "pata" moja kwa moja: nimepata meseji yako. Ya saba ina "pata" kwa mbali, tutafika.

Usifute majibu yako hata kama yanakuaibisha, tutayarudia moja moja.

Utajua hatua imekaa vizuri ukishaweza kunyooshea kidole angalau sentensi mbili na kusema hapa nililazimisha. Kama zote umepatia, ruka mpaka hatua ya 6, huko ndo hata wazoefu wanateleza.

Hatua ya 2: Angalia nini kinafuata

Chukua yale maongezi yako. Kila ukikuta "get", "gets", "got", "gotten" au "getting" izungushie duara kwa kalamu ya kwanza. Kwa kalamu ya pili pigia mstari kinachofuata. Usitafsiri bado, we tafuta tu.

Utagundua kinachofuata kiko katika makundi saba. Kila kundi lipe ukurasa wake kwenye daftari:

- kitu ("get a letter")
- mtu halafu kitu ("get me a chair")
- hali ("get dark", "get angry")
- mahali ("get home", "get to school")
- kitenzi cha umbo la tatu, yaani lile la mwisho ukihesabu go, went, gone ("get fired")
- "to" na kitenzi, iwe na mtu katikati au bila mtu ("get them to wait", "get to see")
- kineno kidogo kama up, over, away, by ("get up")

Kurasa saba ni lazima kwa sababu ukiandika zote sehemu moja ubongo unazihifadhi kama orodha na tumeshasema orodha haisaidii. Na uandike sentensi nzima, usiandike "get = fika". Maneno mawili yenye alama ya usawa katikati hayakufundishi kitu, sentensi nzima inakubebea na neno linalofuata.

Onyo moja: kuna "got" inayotanguliwa na "have" au "has", mara nyingi imefupishwa ikawa "I've got", "she's got". Hiyo ina tabia zake, izungushie lakini usiipeleke ukurasa wowote mpaka hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ukurasa wa kitu, na ukurasa wa mtu halafu kitu

Ikifuatwa na kitu, wazo la chini ni kwamba kitu kinaishia mikononi mwako, na Kiswahili kinachagua kitenzi kulingana na njia kitu hicho kilivyokufikia. "I got a letter", nimepokea barua. "Where did you get those shoes?" hapo mtu anauliza umenunua wapi. "I'll get the bags", nitachukua mimi mabegi. "She got a cold", ameshikwa na mafua. "Get the bus", panda basi. "Can you get the door?" fungua mlango, au ufunge kama uko wazi, kutegemea nani anabisha. "Can you get the phone?" ni pokea simu inayolia, sio nitafutie simu.

Hapohapo ndo inaingia ile ya kuelewa. Kitu kinachofika kinaweza kuwa wazo au mzaha: "I don't get it", sielewi. "Did you get the joke?" uliuelewa ule mzaha? Na "don't get me wrong" ni usinielewe vibaya, mimi hapo ndo ninayeeleweka. Ukimaliza kuelekezwa kazi ukajibu "got it" umesema nimeelewa. Lakini "I've got this" ni kitu kingine, ni niachie mimi hili nitalimaliza.

Sasa mtu akiingia katikati, yaani mtu halafu kitu, Kiswahili kinatumia -ia au -ea. Angalia sentensi ya 5: "Can you get me a chair?" Unaweza kuniletea kiti? Leta imekuwa letea. "I got her a book", nilimnunulia kitabu. "Let me get you some water", ngoja nikuletee maji. Kila ukijikuta unataka kusema -letea, -nunulia, -tafutia, -chukulia kwa Kiingereza, jaribu "get" kwanza na mara nyingi itakaa.

Onyo: usiweke "to" kabla ya mtu. "Get to me a chair" haipo. Ukitaka kumpeleka mtu mwisho wa sentensi tumia "for": "Get a chair for me."

Umefaulu ukiweza kusema sentensi tano za kuagiza na kuletewa vitu bila kutumia "bring" wala "buy", na bila kusita.

Hatua ya 4: Ukurasa wa hali, hapa tutakaa kidogo

Huu ukurasa ndo naupenda kuliko yote kwa sababu ukiuelewa unarekebisha makosa ambayo umeyafanya miaka bila mtu kukuambia.

Ikifuatwa na hali, "get" inamaanisha kubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Sisi kwa mabadiliko hayo huwa tuna kitenzi kimoja kizima: "get angry" kasirika, "get tired" choka, "get wet" lowa, "get old" zeeka, "get fat" nenepa, "get drunk" lewa, "get ready" jiandae, "get better" pata nafuu. Sentensi ya 2, "It's getting dark", ni giza linaingia. Hakuna anayepata kitu hapo.

Tatizo liko kwenye wakati. Kiswahili kinasema nimechoka kwa hali uliyonayo sasa hivi, na ile -me- inamdanganya mtu aone kama ni jambo lililopita, anaandika "I have got tired" au "I got tired" wakati alitaka kusema tu kwamba amechoka. Shika hivi:

- Nimechoka: "I am tired."
- Naanza kuchoka: "I'm getting tired."
- Huwa nachoka mapema: "I get tired early."
- Nilichoka nikaondoka: "I got tired and left."
- Nilikuwa nimechoka: "I was tired."
- Utachoka: "You'll get tired."

Yaani -me- ya hali inakwenda na "am", "is", "are". "Get" inaingia pale ambapo mabadiliko yenyewe yanatokea, au yalitokea, au hutokea kila mara. Rudia hizo sita ukibadilisha choka na kasirika, halafu lowa, halafu lewa. Fanya kwa sauti, sio kwa macho.

Tofauti hii sio ya kupendezesha tu, inabadilisha unachosema. "She got angry when I told her the truth" ni alikasirika nilipomwambia ukweli, maneno yako ndo yaliyomkasirisha. Ukisema "She was angry when I told her the truth" msikilizaji anaweza kuelewa kwamba alikuwa ameshakasirika kabla hujafungua mdomo, na hapo hadithi imegeuka.

Njaa na kiu ziangalie vizuri. Una njaa sasa hivi, sema "I'm hungry". "I get hungry" ni huwa nasikia njaa, kwa hiyo inataka kitu cha kuimalizia: "I get hungry around eleven", huwa nasikia njaa kwenye saa tano. Wengi wanaandika "I get hungry" wakimaanisha niletee chakula sasa, na hakuna anayewaelewa.

Maonyo ya ukurasa huu ni matatu. Kwanza, usiweke "a" kabla ya hali: "get a sick" sio Kiingereza, ni "get sick". Pili, ukiwa unazungumzia kazi au cheo usitumie "get": "I want to get a doctor" ni nataka kumpata daktari anitibu, sio nataka kuwa daktari, ambayo ni "I want to become a doctor". Tatu, mabadiliko mengine wamezoea kuyasema na "go": "go blind" kupofuka, "go deaf", "go bald", "go mad". Hayana kanuni nzuri, ukikutana nayo andika.

Na kuzoea? "Get used to." Nimezoea kelele ni "I'm used to the noise", naanza kuzoea ni "I'm getting used to the noise", unaona -me- imerudi palepale. Baada ya hiyo "to" kikija kitenzi kinachukua -ing: "I got used to waking up early", sio "to wake up".

Umefaulu kama unaweza kusikia nimekasirika na nilikasirika kichwani kwako zikaenda njia mbili tofauti kwenye Kiingereza bila kufikiri sana. Kwa wengi inachukua siku tatu nne za kurudia, usiharakishe hapa.

Hatua ya 5: Ukurasa wa mahali

Huu ni mwepesi. Ikifuatwa na mahali "get" ni kufika. Sentensi ya 3: ulifika nyumbani saa ngapi? "How do I get to the bank?" nafikaje benki?

Kinachosumbua ni "to". Inawekwa kabla ya jina la mahali, "get to school", "get to the station", "get to London". Haiwekwi kabla ya home, here, there: "get home", "get here", "get there". Sababu ni kwamba hayo matatu yanabeba maana ya kuelekea ndani yake, kama vile wewe husemi nimefika kwenye hapa.

Vyombo vya usafiri vina jozi mbili. Gari dogo ni "get in" na "get out of". Basi, treni, ndege na meli ni "get on" na "get off". Namna ya kukumbuka: chombo unachoweza kusimama ukatembea ndani yake ni "on". Baiskeli, pikipiki na farasi pia ni "on" kwa sababu unakaa juu.

Umefaulu ukiweza kueleza safari nzima, kutoka mlangoni mpaka unapokwenda, kwa "get" tupu.

Hatua ya 6: Ukurasa wa umbo la tatu na ukurasa wa "to"

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinajibu swali la nani anamfanya nani.

Umbo la tatu ni -wa yetu, au -ka. "He got fired", sentensi ya 4, alifukuzwa kazi. "Get paid" lipwa, "get caught" kamatwa, "get hurt" umia, "get broken" vunjika, "get lost" potea. Kuhusu "get lost" uwe makini, kwenye habari ni kupotea njia lakini ukimwambia mtu "Get lost!" umemfukuza kwa dharau, ni kama toka hapa.

"Get married" ina mtego wake. Kiingereza hakitenganishi kuoa na kuolewa, wote wawili "they got married". Ukitaja mwenzi tumia "to", sio "with": "She got married to a teacher."

Halafu kuna umbo ambalo wengi hawalijui kabisa na lina faida kubwa: "get", kitu, umbo la tatu. "I got my hair cut", nilinyolewa. "I need to get my phone repaired", nahitaji kuipeleka simu ikatengenezwe. Ukisema "I cut my hair" umesema umeshika mkasi mwenyewe. Mpangilio ni mgumu kama msumari, kitu kinakaa katikati, "I got cut my hair" inavunja sentensi.

Sasa "to". Mtu akiwa katikati umemfanya afanye jambo, kwa kumbembeleza au kwa kuhangaika naye. Sentensi ya 6, "I got them to wait", niliwashawishi wakasubiri. "I got him to apologise", nilihangaika naye mpaka akaomba radhi. Linganisha na "I made him apologise", nilimlazimisha. Na uone kwamba "get" inataka "to" lakini "make" haitaki, ndo maana watu wanachanganya wanaandika "I got him apologise" au "I made him to apologise", zote mbili zina kosa.

Mtu asipokuwepo, "get to" ikifuatwa na kitenzi ni kupata nafasi. Sentensi ya 7, "She got to see the ocean", alipata nafasi ya kuiona bahari. Kuna furaha ndani yake, au angalau bahati.

Na hapa ndo tunaifungua ile "have got" tuliyoiweka pembeni. "I've got a car" ni nina gari, basi, ni "have" iliyoongezewa sauti. "I've got to" ikifuatwa na kitenzi ni lazima. Sentensi ya 8: lazima nikamwone daktari wa meno. Weka hizi mbili uso kwa uso:

- "I get to work on Sunday." Napata nafasi ya kufanya kazi Jumapili.
- "I've got to work on Sunday." Lazima nifanye kazi Jumapili.

Moja ni zawadi, nyingine ni mzigo. Kwenye kuongea haraka "have" humezwa ikabaki "I got to", ambayo mara nyingi huandikwa "gotta". Ukiikuta kwenye meseji bila "have", angalia hali ya mwandishi: "Sorry, got to go" ni lazima niondoke, hakuna anayeomba msamaha kwa kupata bahati. Yaani hii nimeona watu wakiielewa kinyume na kumpongeza mtu aliyekuwa analalamika, kwa hiyo ichukulie kwa uzito. Tena ile ya kwanza ina maana ya pili ndani yake, maana "get to work" inaweza pia kuwa kufika kazini, ule ukurasa wa mahali. Sentensi iliyobaki ndo inayoamua: "I get to work at eight" ni nafika kazini saa mbili.

Tofauti za nchi: Uingereza umbo la tatu ni "got", Marekani wanatumia "gotten" kwa mabadiliko na kupata, "it has gotten worse". Lakini hata Marekani kumiliki ni "I've got a car". Mmarekani akisema "I've gotten a car" anasema amelipata. Chagua upande mmoja ukae huko.

Umefaulu ukiweza kugeuza alinifanya nicheke, nilitengenezewa simu, nilipata nafasi ya kusafiri na lazima nisafiri kuwa Kiingereza bila kuchanganya "to". Ya kwanza ni mtego lakini: kucheka hakushawishiwi, kunatokea tu, kwa hiyo ni "he made me laugh".

Hatua ya 7: Ukurasa wa vineno vidogo

Ukurasa huu hauna mwisho, usijaribu kuumaliza. Chukua kumi tu unazokutana nazo kweli. Mara nyingi kile kineno bado kinabeba mwelekeo wake. "Over" ni kupita juu ya kikwazo, kwa hiyo "get over an illness" ni kupona na "get over someone" ni kumsahau mtu aliyekuumiza moyo. "Through" ni kupenya, "I couldn't get through" nilipiga simu sikumpata. "Away" ni mbali, "he got away with it" alifanya kosa akatoka hivihivi bila adhabu. "By" ni kupita pembeni bila kugusa, "we get by" tunasukuma siku, hatujakwama ila hatuna ziada.

"Get along" ni kuelewana na mtu, Waingereza wanapenda zaidi "get on". "Get rid of" ni kuondoa kitu usichokitaka. "I'll get back to you" ni nitakujibu baadaye, sio nitarudi kwako, na watu wameshasubiri mlangoni kwa ajili ya hii. "Get up" ni kuinuka kitandani wakati "wake up" ni kuamka tu, unaweza kuamka saa kumi na mbili ukaja kuinuka saa mbili. "What are you getting at?" ni unataka kusema nini hasa, na ina ukali kidogo, usimwambie mkubwa wako. "Get around to" ni kupata muda wa kufanya jambo ulilokuwa unaliahirisha.

Kila moja iandikie sentensi inayohusu maisha yako mwenyewe. Ya kwenye kamusi utaisahau kesho.

Hatua ya 8: Jua pa kuiacha

"Get" ni neno la kuongea. Kwenye barua ya kazi, ripoti na mtihani punguza: pokea iwe "receive", fika iwe "arrive", kuwa iwe "become", elewa iwe "understand", "got stolen" iwe "was stolen". Ila badilisha kwa kuangalia ukurasa wake. Kuna mtu aliambiwa "get" sio rasmi akabadilisha zote kuwa "receive", akaishia na "I received angry". Ukijua "get" hiyo imetoka ukurasa wa hali huwezi kufanya hivyo.

Na kinyume chake, usiikimbie kwenye maongezi. Ukimwandikia rafiki "I arrived home and became tired" kila neno liko sawa lakini unasikika kama unatoa ushahidi mahakamani.

Hatua ya 9: Jipime tena

Soma hiki kipande, taja ukurasa wa kila "get" kabla ya kutafsiri:

"I got up late and didn't get any breakfast. I got dressed and got to the bus stop at eight, but the bus was full and I couldn't get on. It was getting hot, so I got my brother to drive me. When I got to the office there was a message from my boss. I thought I was getting fired, but he only wanted me to get him some chairs. I still don't get why he couldn't wait."

Majibu: nilichelewa kuinuka kitandani, sikupata kifungua kinywa. Nikavaa, nikafika kituoni saa mbili, ila basi lilikuwa limejaa nikashindwa kupanda. Joto lilikuwa linaanza kupanda, kwa hiyo nikamwomba kaka yangu akanipeleka na gari. Nilipofika ofisini nikakuta ujumbe wa bosi. Nikadhani nafukuzwa kazi, kumbe alitaka tu nimletee viti. Mpaka sasa sielewi kwa nini alishindwa kusubiri.

"Get" kumi na moja, na "pata" imetokea mara moja. Ukikosea moja au mbili rudi kwenye ukurasa husika tu, usirudie mwongozo mzima. Ukikosea zile za "getting hot" na "getting fired" tatizo liko hatua ya 4 au ya 6, na dawa yake ni kuzisema kwa sauti na vitenzi vingine vitano. Halafu rudi kwenye yale majibu yako nane ya siku ya kwanza, yasahihishe kwa kalamu ya pili, na uiache tarehe pembeni.